Bamba la Juu ya Meko

Holbrook, 22 Februari 1987

Mwanangu Lowell,

Pokea salamu zangu, na umpe Nadine za kwake. Corinne umbusu kwenye paji la uso, hata kama siku hizi anajiona mkubwa. Mimi bado natembea. Goti la kulia linagoma asubuhi na kukubali mchana, na lile sikio lililouawa na msumeno wa mawe limezikwa kabisa, ndiyo maana naandika. Ukinipigia simu nitakuwa najibu usichouliza. Upepo umeanza mapema mwaka huu. Jana nimefagia jikoni mara mbili, na bado nilipokaa kula maharage nikatafuna mchanga. Kaka Burdell, yule mzee wa kanisani anayeshika funguo za chumba cha mambo ya kale, anakusalimu. Anauliza kama bado unauza meza za jikoni zinazojifanya marumaru. Nimemwambia ndiyo, ila watu wa Ohio wanazinunua wakijua.

Sasa jambo lenyewe. Unalikumbuka bamba la baba yako, lile la mwisho kulikata kabla kifua hakijamlaza. Jekundu katikati, manjano pembeni, na ganda la mti bado linaonekana ukingoni ingawa ni jiwe tupu. Lilikaa juu ya meko yangu tangu alipokufa, mpaka mwaka juzi nilipolitoa liwekwe ukutani kwenye chumba cha Burdell, na kibao cha shaba chini yake: Orval Rencher, mkata mawe. Wiki iliyopita alikuja msichana wa chuo kikuu anayesomea miti iliyogeuka mawe. Akaomba literemshwe alipige picha. Burdell anasema alilishika tu, akaligeuza. Kisha akatoa sindano, akaipasha moto kwa kiberiti, akaigusisha kwa nyuma. Sindano ikazama, na chumba kikanuka kama ndoo iliyosahauliwa karibu na jiko.

Anasema ni plastiki iliyochanganywa na unga wa mawe, ikamiminwa kwenye kalibu, ikapakwa rangi.

Unaujua mji huu. Kufika Jumatatu habari ilikuwa imenitangulia dukani. Vonda wa kwenye mboga akaniuliza, "Kwa hiyo na meza niliyouziwa na Orval ni ya kumimina?" Akacheka, mimi sikucheka. Kamati ya Siku ya Waasisi inataka kibao cha baba yako kiondolewe kabla ya tarehe 24 Julai, kwa sababu maandamano yatapita pale na wageni wataingia. Wanasema hawawezi kumheshimu mtu aliyekuwa akiuza mawe ya uongo.

Bamba nimelichukua. Liko chini ya kitanda, ndani ya blanketi. Sijalipima. Mimi, ninayepimia wilaya nzima mawe, sijathubutu kulipima la nyumbani kwangu.

Wewe ulikuwa naye kwenye banda la kukatia mawe miaka yake ya mwisho. Aliwahi kuwa na ndoo za plastiki ya kumimina? Aliwahi kutengeneza kalibu? Nijibu moja kwa moja.

Shangazi yako,
Ardith


Toledo, 29 Machi 1987

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kuchelewa. Barua ilifika nikiwa safarini, halafu Nadine akaugua mafua, halafu kazi. Sasa wote wazima. Barafu ziwani imeyeyuka na Corinne ameanza kujifunza kuendesha gari, kwa hiyo ukisikia mimi nimezeeka ghafla ujue sababu. Nakutumia picha yake. Watu wanasema ana kidevu cha baba.

Kuhusu hilo bamba, mimi nisingehangaika, Shangazi. Hao wa vyuo nao wanakosea. Huenda sindano iligusa gundi tu, unajua baba alikuwa akiziba nyufa kwa gundi. Kwani wewe ungelipimaje? Naona hata usilipime, liache hapo kwenye blanketi. Mji utachoka kusema, watapata jambo lingine.

Na kama kweli ni la kuiga, labda limebadilishwa hukohuko ukutani. Limekaa mwaka mzima mahali ambapo mtu mmoja tu ana funguo. Simshutumu mtu, nasema tu.

Ndoo za plastiki sikumbuki. Ni zamani.

Wako,
Lowell


Holbrook, 12 Aprili 1987

Lowell,

Picha nimeiweka jikoni. Kidevu ni cha Orval kweli, maskini mtoto. Mimi mzima. Miti ya pichi ilichanua, baridi ikarudi kwa usiku mmoja ikaua maua yote, kwa hiyo mwaka huu usitegemee chupa za pichi kutoka kwangu. Gari moshi linapita kama kawaida na kwenye duka langu la mawe haingii mtu. Tangu barabara kubwa ituzunguke, watalii wanatuona wakiwa mbio, kama wanaona ng'ombe.

Nianze na Burdell. Burdell alibeba jeneza la baba yako. Burdell alinichotea maji majira ya baridi yote mabomba yalipopasuka. Usiniandikie tena neno la namna hiyo. Nimesoma barua yako nikaona haya, nikaikunja haraka kana kwamba yeye yuko mlangoni.

Unaniuliza ningelipimaje. Umekulia bandani na unaniuliza hivyo, lakini haya, nitakwambia nilivyolipima, maana nimelipima.

Nililitoa kwenye blanketi nikalilaza shavuni. Mti uliogeuka jiwe ni baridi, na baridi yake haina haraka ya kuondoka, utachoka wewe kabla yake. Hili lilipata joto langu mara moja. Nikaligonga kwa kifundo cha kidole. Jiwe hujibu kama sahani, hili lilijibu kama mlango. Nikachukua kisu cha jikoni nikalikwaruza nyuma. Kwenye jiwe la kwetu kisu ndicho kinachokwaruzika, kinaacha mstari wa kijivu unaoufuta kwa kidole. Hapa kisu kiliingia. Nikatwaa kioo cha kukuzia nikaona viputo, vidogo na vya duara, kama vya kwenye unga wa keki. Mti haukufa na viputo.

Lakini iliyonimaliza ni rangi. Wekundu wa kweli hauna adabu. Unavuka pete za mti, unaingia kwenye nyufa, unapanda juu ya ganda, unakwenda unakotaka kwa sababu ni maji yaliyouleta. Mwenye kuiga huogopa kuvuka mstari. Kwenye hili bamba kila rangi imekaa ndani ya pete yake, imetulia kama watoto siku ya ubatizo. Ningemwonyesha mteja kosa hilo akiwa bado mlangoni. Na nimeishi nalo miaka ishirini na zaidi juu ya meko yangu, nikilipangusa kila Jumamosi.

Najua kwa nini sikugundua. Lilikuwa juu ya moto. Kila kitu juu ya meko kina joto, hata jiwe la kweli. Wakati wa kiangazi silishiki, napangusa kwa manyoya tu. Na nani anapima cha nyumbani kwake? Mtu anapima vya wageni.

Sasa nakuambia lisilosemeka. Naamini ni Orval. Naikataa imani hiyo asubuhi, ikifika jioni ninayo tena. Yeye ndiye aliyenifundisha kuweka shavu kwenye jiwe. Nani angejua zaidi kudanganya shavu langu? Nimeanza kuwakumbuka watu aliowauzia, na nimeanza kuwaandikia, mmoja mmoja, wayapime mawe yao. Jumapili zote huwa nampelekea maua. Jumapili hii sikwenda. Nimekaa kitini nikamchukia ndugu yangu aliyekufa, Mungu anisamehe.

Hukunijibu nilichokuuliza. "Sikumbuki" si jibu, ni blanketi.

Ardith


Toledo, 30 Mei 1987

Shangazi,

Natumaini goti halikusumbui. Huku wote wazima. Corinne amepata leseni.

Tafadhali usiwaandikie wateja. Baba hakutengeneza lile bamba. Najua hakutengeneza. Hakuwahi kuuza kipande cha uongo maisha yake, alimfukuza hata yule mtu wa Gallup aliyetaka apake mafuta ya rangi kwenye mawe yaliyopauka. Nenda kaburini Jumapili, Shangazi. Mpelekee maua, na mengine weka kwa niaba yangu.

Nilianza barua hii mara nyingi. Silali vizuri siku hizi, ni kazi tu.

Lowell


Holbrook, 6 Julai 1987

Mwanangu Lowell,

Salamu kwenu nyote. Mwambie Corinne aendeshe polepole. Mvua za Julai zimeanza, jana alasiri mto ulijaa dakika chache ukakauka tena, na leo watu wako mabondeni wanaokota vipande vilivyooshwa. Mimi sikwenda, nina sababu nitakayokuambia.

Uliandika "najua" bila kuandika unajuaje. Nililiweka neno hilo mfukoni mwa aproni nikazunguka nalo mwezi mzima.

Halafu wiki iliyopita niliamua kulichoma lile bamba kwenye pipa la takataka nyuma ya banda. Nililibeba kichwa chini, na jua likapiga ukingo wa chini. Nikaona pengo. Dogo, kama ukucha. Nikaketi palepale chini kwenye vumbi.

Pengo hilo nalijua kwa sababu nililitia mimi. Ilikuwa Krismasi ya kwanza baada ya kumzika baba yako. Nilikuwa natundika matawi ya msonobari juu ya meko, mkono ukalisukuma bamba, likaangukia tofali. Nililia kuliko nilivyolia msibani. Kisha nikaligeuza, pengo likae chini lisionekane, na sikumwambia mtu. Wewe ulikuwa nje unakata kuni. Miaka yote nimeona haya kwamba kitu chake cha mwisho nilikivunja mimi.

Basi hili la plastiki nalo lina pengo hilohilo, mahali hapohapo. Kalibu haijui hili ni la kuficha na hili ni la kuonyesha, inachukua kila kitu. Kwa hiyo aliyelitengeneza alilichukua jiwe baada ya Krismasi ile, na Orval alikuwa ardhini tangu Septemba.

Si Orval. Bamba nililirudisha chini ya kitanda, nikaenda kaburini siku ileile na nguo za kazi. Nilimwomba radhi kwa sauti, kama kichaa, na sijui kama inatosha. Miezi mitano nilimwita mwizi moyoni mwangu. Angekuwa hai angeninyima usemi mwaka mzima, na ningestahili.

Baada ya Krismasi ile waliolala nyumbani humu walikuwa watu wawili. Mmoja ni mimi. Sikuulizi kitu, Lowell. Nakuambia tu nilichokifanya.

Jana ilikuwa Jumapili ya mfungo. Wewe hujaingia kanisani miaka mingi, lakini hujasahau: tunakaa na njaa, na mwenye jambo moyoni anasimama kulisema. Nilisimama. Nikasema, "Bamba lile ni la kuiga. Liliigwa nyumbani kwangu, Orval akiwa tayari kaburini. Mwenye neno juu ya Orval aniletee mimi." Nikakaa. Hakuna aliyeuliza ni nani. Walijijibu wenyewe, nikawaona wakijijibu, benchi hadi benchi.

Sikusema uongo, lakini sikusema yote, na mahali pale si pa kusema nusu. Hilo nalo ni langu, nitalijibia.

Kibao cha baba yako kinabaki. Askofu ameniambia mwenyewe, akiangalia viatu vyake.

Ardith


Holbrook, 28 Julai 1987

Lowell,

Sijapata barua. Labda posta.

Siku ya Waasisi imepita salama. Maandamano yalikuwa mafupi, mikokoteni miwili na trekta, na farasi wa familia ya Vonda akaaibisha kila mtu mbele ya mahakama ya zamani. Kibao cha Orval kimesuguliwa kinang'aa. Chini yake ukutani pameachwa wazi, na wageni wanauliza nini kilikuwa pale.

Unakumbuka meza yangu ya bustanini. Kila mwaka naweka kitambaa, kisu, kioo cha kukuzia na sindano, na watu wanapanga foleni na walichookota au walichouziwa njiani, niwaambie kama ni mti au ni uongo. Watoto huniletea hata vipande vya matofali ili nicheke. Mwaka huu nilipanga meza kama kawaida. Nilikaa tangu gwaride hadi saa ya nyama choma. Watu walipita wakanisalimia vizuri sana, vizuri kupita kiasi, na mawe yao wakayaacha mifukoni. Nani atampa jiwe lake mtu aliyeiga la ndugu yake?

Aliyekuja ni Desbah peke yake, jirani yangu Mnavajo anayeniuzia nyama ya kondoo. Akaweka kipande mezani. Nikamwambia ni cha kweli. Akasema, "Najua ni cha kweli, nimekitoa uani kwangu. Nimekuja kukaa." Akakaa. Baadaye akasema, "Dada Ardith, wewe hujui kumimina hata jeli ikasimama. Kila msiba tunakula jeli yako kwa kijiko cha supu. Plastiki ungeiweza wapi?" Nilicheka mpaka nikashikwa na kikohozi, halafu nikajikuta nalia, naye akageuza uso akatazama farasi.

Nimefunga duka. Nimewaambia watu ni goti.

Jumapili ijayo ni ya mfungo, na nyingine ni tarehe 6 Septemba. Sisemi zaidi ya hapo. Nimekulea tangu mama yako alipokufa ukiwa hujaota meno, na kama ni lazima mmoja wetu abebe hili, mimi nina miaka michache iliyobaki ya kulibeba. Lakini nimechoka, mwanangu.

Ardith


Toledo, 27 Agosti 1987

Shangazi,

Haikuwa posta. Barua zako mbili nimezibeba kwenye gari mwezi mzima, chini ya vipande vya marumaru za uongo ninavyowaonyesha wateja.

Ni mimi. Umejua tangu pengo, na nadhani Desbah amejua tangu jeli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwenye hoteli mmoja wa Flagstaff aliliona bamba siku uliyokuwa kanisani, akasema atanipa cha kuniondoa Holbrook nisirudi. Nilitaka kuondoka kuliko nilivyotaka kitu chochote. Nilikuwa nimechoka kunuka mafuta ya msumeno. Kulikuwa na mtu Phoenix aliyekuwa akimimina meza, akanitengenezea hilo. Ulikuwa umekwenda Snowflake kushona mablanketi na akina mama. Hoteli ilikwisha bomolewa. Nimepiga simu kote mwezi huu, na jiwe la baba sijui liko wapi. Sitakuletea.

Kuna jambo moja hulijui, na ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote. Ulirudi kutoka Snowflake mapema Oktoba, mwaka mmoja baada ya msiba, siku haikuwa na baridi hata kidogo, ukakuta nimewasha moto mkubwa. Ulisimama pale mlangoni ukasema, "Huyu mtoto ana huruma kama baba yake." Ukawaambia watu, ukalirudia kwenye barua miaka mingi, hata siku ya harusi yangu ulisimama ukamsimulia Nadine. Shangazi, niliwasha ili bamba lipate joto. Nilijua ungeweka shavu. Uliweka, ukasema, "Limetulia vizuri," ukaenda kuvua koti. Siku tatu baadaye nikapanda basi.

Kila uliposimulia moto ule nilitabasamu. Na ulipoandika kwamba unamchukia baba, nilisoma nikaweka barua chini, nikala chakula cha jioni. Nikamtaja Burdell. Sikuombi unisamehe kwa barua, maana kwa barua nimekuwa hodari wa uongo.

Nafika Jumamosi tarehe 5 Septemba jioni. Nadine anajua. Corinne anakuja nami, yeye ndiye ataendesha gari. Sijamwambia sababu, nimemwambia kuna jambo ninalopaswa kumsemea babu yake, naye atalisikia pamoja na wengine. Sijui atanitazamaje tukiwa njiani kurudi.

Ukilitoa bamba chini ya kitanda, nitalibeba mwenyewe hadi kanisani. Mwombe Burdell akae karibu, nataka nianze na yeye.

Corinne mpikie, ana hamu ya maharage yako. Mimi usinipikie, nitakuwa nimefunga.

Lowell